Kimya cha Nusu Sekunde: Anakudanganya au ni Mtandao?

Mwezi huu nataka tuongee kitu ambacho wengi tunakichukulia poa wakati kinavunja uchumba wa watu kila kukicha. Sizungumzii michepuko wala fedha. Nazungumzia simu ya kwenye intaneti.

Si unajua tena maisha ya sasa. Wewe uko ofisini Posta, mwenzako yuko Guangzhou anafunga mzigo. Wewe uko kwenye fremu yako mtaa wa Congo, mume yuko Dubai au Istanbul anatafuta mali mpya. Kariakoo yote inaishi hivyo. Hakuna mtu anayetaka kuchoma vocha kwa simu ya kimataifa wakati kuna WhatsApp, kwa hiyo mapenzi yote, ugomvi wote na mipango yote ya harusi inapita humo humo.

Halafu unamuuliza swali dogo tu: “Uko na nani hapo?” Kimya. Sekunde moja inapita, ya pili inaingia. Ndipo sauti inakuja: “Niko peke yangu, mama.” Hapo roho inakupasuka paa! Mtu aliye peke yake anafikiria nini muda wote huo?

Tulia kwanza. Kabla hujamwita mshenga wala kuzima simu, twende pamoja.

KWA NINI KIMYA KINATUUMA?

Ukweli ni kwamba masikio yetu yana haraka kuliko tunavyojua. Mwaka 2009, Tanya Stivers na wenzake wa taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi, walitoa utafiti uliopima mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali. Walitaka kujua, mtu akiulizwa swali, mwenzake huchukua muda gani kuanza kujibu. Kwa wastani ilikuwa kama sehemu ya tano ya sekunde moja, yaani milisekunde 200 hivi. Kufumba na kufumbua!

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalotuhusu sana sisi wapendanao. Jibu la “ndiyo” huja haraka kuliko jibu la “hapana”, na mtu anayejibu swali huwa mwepesi kuliko yule anayelikwepa. Sasa unaona? Moyo wako unaposhtuka kwa kimya cha mwenzako, haushtuki bure. Tangu utotoni umejifunza kwamba anayechelewa kujibu ana jambo. Shida ni kwamba somo hilo ulilipata ana kwa ana, kwenye baraza la nyumba, ambako hakuna waya wala mnara kati yenu.

Ukiweka mtandao katikati, somo lile lile linakugeuka. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Ujerumani, Katrin Schoenenberg, Alexander Raake na Judith Koeppe, walichapisha kazi kuhusu watu wanaoongea kwa simu zilizocheleweshwa makusudi. Matokeo yake yanasikitisha: watu hawakuilaumu simu, walimlaumu mwenzao. Walimwona hayuko makini, hana moyo na mazungumzo. Mashine imechelewa, lakini lawama kabeba binadamu.

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo ndoa nyingi za mbali zinapoliwa.

SAUTI YAKO INASAFIRI VIPI?

Nilikaa na kijana mmoja fundi wa mitandao pale mtaa wa Aggrey, akanifafanulia kwa lugha ya kawaida. Unapoongea kwenye simu ya intaneti, programu inaikata sauti yako vipande vidogo vidogo. Kwa kawaida kila kipande kinabeba milisekunde 20 za sauti, kwa hiyo sekunde moja ya “nakupenda” inaondoka ikiwa vipande kama 50. Kila kipande kinasafiri kivyake, kisha upande wa pili vinapangwa upya viwe sauti.

Vikifika vyote, kwa mpangilio na kwa haraka, mnaongea raha mustarehe. Vingine vikipotea, sauti inakatika katika au inageuka ya roboti. Vikifika kwa kusuasua, kimoja mapema na kingine baadaye, programu inalazimika kuvisubiri ili ivipange, na kule kusubiri ndiko kunakozaa kimya.

Wengi wetu tunadhani dawa ni kununua bando kubwa zaidi. Siyo! Simu ya sauti hailaji sana. Hata mtindo wa zamani wa simu za ofisini unatumia kilobiti 64 tu kwa sekunde kubeba sauti yenyewe, na programu za sasa zinaweza kutumia chini ya hapo. Kasi ya kuangalia sinema siyo inayoamua simu yako. Kinachoamua ni utulivu wa njia.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, nalo lina kipimo chake. Linashauri sauti itumie milisekunde zisizozidi 150 kwenda upande mmoja, hapo watu wengi hawasikii tofauti. Ikipita milisekunde 400, njia hiyo haifai kwa mipango ya kawaida ya simu. Kumbuka kwamba swali lako linakwenda na jibu lake linarudi, hivyo kimya unachokisikia wewe ni mara mbili ya hapo.

TULIKOTOKA NI MBALI

Vijana wa leo hamjui tulikotoka. Skype ilipoanza mwaka 2003, tulikuwa tunakwenda kwenye intaneti kafe za Samora na Kariakoo, unavaa spika za masikioni zilizovaliwa na watu mia kabla yako, unalipia muda, unampigia mtu wako Uingereza. Maneno yalikuwa yanagongana! Unasema “halo”, naye anasema “halo”, mnanyamaza wote, mnaanza tena wote.

Sababu ilikuwa angani. Wakati huo intaneti ya Tanzania ilitoka nje ya nchi kwa satelaiti, na satelaiti za aina ile zinakaa kama kilomita 36,000 juu ya dunia. Sauti ilipanda na kushuka, jumla kilomita 72,000. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu robo ya sekunde kwa upande mmoja, na nusu sekunde kwa swali na jibu. Hapo bado hujaongeza foleni ya kafe yenyewe. Hakuna fundi aliyeweza kuifupisha, ilikuwa ni umbali tu.

Sheria nayo ilikuwa na yake. TTCL ilikuwa na upekee wa huduma za msingi za simu mpaka Februari 2005, kisha TCRA ikaleta mfumo mpya wa leseni uliofungua milango. Lakini ukombozi wenyewe ulitoka baharini. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mwaka 2023 mkongo wa 2Africa nao ukafika pwani yetu. Skype yenyewe imeshafungwa, mwezi Mei 2025, lakini kazi iliyoianzisha imerithiwa na wengine.

Sasa utaniuliza, kama mikongo ipo, mbona bado tunakatikiwa?

MWENDOKASI NA BAJAJI

Chukua mfano wa barabara zetu. Simu ya kawaida, ile unayopiga kwa namba na salio, ni kama basi la mwendokasi: ina njia yake. Mtandao ukishakuunganisha, unaitengea sauti yako nafasi. Hata kwenye 4G, simu ya kawaida inayopita humo hupewa kipaumbele mbele ya mambo mengine.

Simu ya WhatsApp ni bajaji kwenye mtaa wa Msimbazi saa 10 jioni. Iko katikati ya mikokoteni, daladala na watu waliobeba mabeki ya nguo. Mnara haujui kwamba ndani ya bajaji hiyo kuna mtu anaomba msamaha. Kwake ni mzigo kama mizigo mingine, unasukumana na video na picha za watu wote walio jirani.

Kariakoo hali inakuwa kali zaidi kwa sababu mnara mmoja unagawanywa kwa umati. Mchana kila mwenye fremu anarusha picha za mzigo kwa wateja wa mikoani, wengine wanauza mubashara, wapita njia nao wanaperuzi. Ongeza maghorofa ya zege yaliyobanana na maduka yaliyoko chini ya ardhi, ambako mawimbi yanafika yamechoka. Mtu akiwa humo anaongea na mkewe, sauti lazima iyumbe. Akisema “ngoja nitoke nje”, jamani, mwacheni atoke nje!

KISA CHA MCHUMBA WA GUANGZHOU

Nina shoga yangu anauza viatu vya kike mtaa wa Swahili. Jina nalihifadhi. Mchumba wake yuko Guangzhou kwa kazi ya kununua na kusafirisha mizigo. Mahari imeshatolewa, kamati ya harusi imeshakaa vikao viwili. Ghafla bibie akatangaza kwamba harusi haipo.

“Kila nikimuuliza lini anarudi, ananyamaza kwanza,” aliniambia huku machozi yanamlenga. “Mtu mkweli hanyamazi.”

Shangazi yake akanipigia, “Mwanangu, hebu njoo, wewe ndiye unayeandika mambo haya.” Nikaenda jioni, tukakaa watatu nyuma ya duka, boksi za viatu zimetuzunguka. Nikamwambia ampigie, asiulize chochote kuhusu kurudi. Aanze na maswali mepesi: umekula nini, mvua inanyesha, leo Jumanne au Jumatano.

Umekula nini? Kimya. “Wali.” Mvua inanyesha? Kimya. “Hapana.” Leo siku gani? Kimya kile kile. “Jumanne, kwani vipi?”

Shangazi akacheka, “Ina maana hata wali anaudanganyia?”

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ninayotaka uondoke nayo leo. Mtandao hauchagui swali. Kama anachelewa sawasawa kwenye swali la wali na swali la mapenzi, tatizo ni njia. Kama wali anaujibu chapuchapu na suala la kurudi ndilo linalomtia bubu, hapo mdogo wangu una haki ya kukaza uzi.

Kisha tukafanya kipimo cha pili ambacho yeyote anaweza kukifanya. Tuliwaambia wahesabu kwa kupokezana: yeye moja, mchumba mbili, yeye tatu, mpaka kumi, bila kusubiri. Kwanza mimi na shoga yangu tulihesabu ana kwa ana, ikachukua sekunde 5. Wao kwa simu ikachukua sekunde 13. Zimezidi 8. Kwa kuwa sauti imesafiri mara 10, kila safari imekula kama sekunde 0.8. Kwa swali na jibu, kimya chake ni sekunde 1.6 hata kama jamaa anajibu kwa kasi ya umeme.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu China imeifungia WhatsApp. Kijana alikuwa anatumia VPN, njia ya kuzunguka, na sauti yake ilikuwa inapitia seva ya nchi nyingine ndipo ije Kariakoo. Walipojaribu WeChat, ambayo kule inaruhusiwa, kuhesabu kukashuka mpaka sekunde 8. Wenye waume Dubai mnalijua hili pia: kule simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi na watu wanatumia programu zenye kibali kama Botim.

Sasa msidhani hadithi iliishia kwa vigelegele. Njia ilipokuwa safi, shoga yangu aliuliza lile swali lake: lini unarudi? Kijana akajibu papo hapo kwamba kontena limekwama, hela ya harusi imo ndani yake, na aliona aibu kusema. Kumbe jambo lilikuwepo kweli, ila halikuwa mwanamke. Harusi ikasogezwa mbele miezi mitatu. Bibie alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini safari hii alikasirikia kitu halisi.

DHAMANA IKO WAPI?

Hapa ndipo wasomi wenzangu wa Posta mnapopenda. Tunalipia huduma, je, kuna mtu anayetuhakikishia kwamba simu itasikika?

Soma mkataba wako wa intaneti ya nyumbani. Utakuta neno dogo la herufi nne: “hadi”. Kasi hadi megabiti 20. Maana yake inaweza kufika 20, haina maana kwamba haitashuka. Ni sawa na mwanaume anayekuambia nitakupigia hadi mara tano kwa siku. Hata asipopiga, hajavunja ahadi!

Makampuni makubwa hayakubali “hadi”. Yanalipa zaidi yapate mkataba wenye namba. Na namba hizo zina ujanja wake. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 inasikika bomba, lakini kwa mwezi wa siku 30 inaruhusiwa kupotea saa 7 na dakika 12. Ya asilimia 99.9 inaruhusiwa dakika 43 hivi. Jiulize mchumba wako yuko asilimia ngapi.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inasimamia Kanuni za Ubora wa Huduma za mwaka 2018, zinazowabana wenye leseni kwenye mambo kama simu kukatika na simu kushindwa kuunganishwa. Ukiwa na malalamiko, anza kwa mtoa huduma wako na uhakikishe umepewa namba ya kumbukumbu. Asipokuridhisha, peleka TCRA. Lipo pia baraza la watumiaji, TCRA-CCC, lililotokana na sheria ya mwaka 2003 kwa ajili ya kututetea mimi na wewe.

Lakini mwenye WhatsApp hajaingia kwenye ahadi hiyo. Masharti yake yanasema huduma inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Na hata mtandao wako ukiwa mzuri, njia ya nje inaweza kukatika. Jumapili ya 12 Mei 2024, siku ya akina mama, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba nchi nzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Wangapi walilala wakidhani wameachwa?

Na jambo moja la usalama: simu ya WhatsApp haipigi 112. Usije ukabaki na bando tupu bila njia ya kupiga simu ya kawaida siku ya dharura.

MAMBO SABA YA KUFANYA WEWE NA MWENZAKO

1. Hesabuni mpaka kumi kila mnapoanza simu ya mbali. Ni mchezo mtamu, na mtajua leo njia ikoje kabla ya kuanza kutafsiriana.

2. Zimeni video mnapotaka kuongea mambo mazito. Picha inakula nafasi ya sauti, na uso uliogandishwa na mtandao unaweza kuonekana kama uso wa hasira.

3. Ukimaliza kusema, mwonyeshe kwamba umemaliza. Wazee wa redio za upepo walikuwa na neno lao la kumaliza, nanyi chagueni lenu. “Haya, mpenzi” inatosha.

4. Habari nzito ipeleke kwa simu ya kawaida hata kama ni dakika tatu, au kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti unaweza kuchelewa kufika, lakini ukifika unafika mzima, pumzi na yote.

5. Nyumbani, kaa karibu na ruta, na mwambie mdogo wako asitishe kupakua sinema kwa nusu saa. Dukani, toka chini ya ardhi.

6. Chagueni saa. Ukiwa Kariakoo, saa 10 jioni siyo ya mapenzi. Asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa njia ni nyeupe, na Guangzhou wametutangulia kwa saa 5, kwa hiyo yeye ndiyo kwanza anakwenda kula mchana.

7. Wekeni mkataba wenu wa “mtandao ukizima”. Mfano: simu ikikatika, aliyepiga ndiye anayepiga tena, na ikishindikana kabisa anatuma meseji ya kawaida yenye maneno mawili, “ni mtandao”. Kisha huyo mwingine aamini mpaka kesho asubuhi.

Namba saba ndiyo ngumu kuliko zote, najua. Sita za kwanza ni za fundi, ya saba ni ya moyo. Hakuna kampuni, mamlaka wala mkongo wa bahari utakaokusainia dhamana kwamba mwenzako ni mkweli. Unachoweza kupata ni njia safi ya kumsikia, kisha kuamua mwenyewe kwa ulichokisikia.

Kwa leo tuishie hapo. Mwezi ujao tutaongea kuhusu wapenzi wanaofanya biashara fremu moja: nani anashika droo ya hela? Mpaka hapo, mpigie umpendaye, na akinyamaza, muulize kwanza kuhusu wali.